Kwa boti hadi mlango wa Malagarasi na ardhioevu ya Muyovozi: je, safari moja inatosha?

Mkazi wa Mwanga aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mwezi wa Julai nitapokea wageni wawili kutoka Morogoro, shemeji yangu na mkewe. Gombe walikwisha kwenda wakawaona sokwe, na safari hii wanataka maji: mto, matete, ndege, na vile vijiziwa vilivyojificha katikati ya mafunjo. Nimewaza kukodi boti Ujiji, tushuke kusini kwa Ziwa Tanganyika hadi mlango wa mto Malagarasi, kisha tuupandishe mto huo polepole mpaka tufike Muyovozi, ambako inasemekana yupo korongo-nyangumi, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Je, njia hiyo inapitika? Na je, Julai maji yanakuwa bado yapo? Naomba mjue pia kwamba shemeji hajui kuogelea.

Baharia wa Ujiji alijibu:

Ndugu yangu, karibu Ujiji, lakini mpango wako ni safari mbili zilizofungwa kamba moja. Kati ya ziwa na ardhioevu hiyo yapo maporomoko ya Igamba, pale palipochaguliwa kwa mradi wa umeme wa maji wa megawati 49.5, na hakuna boti wala mtumbwi unaoyapanda. Ukitokea ziwani utaingia mlangoni, utapita Ilagala, utaendelea kidogo kati ya mashamba na matete, kisha miamba itakurudisha. Muyovozi iko juu kabisa ya maporomoko hayo, ng'ambo ya Uvinza, na huko watu hufika kwa reli au kwa gari.

Hata hivyo, nisingewashauri wageni wako kuidharau sehemu ya chini. Mahali mto unapoingia ziwani utaona mstari ulionyooka juu ya maji, upande mmoja rangi ya chai ya maziwa, upande wa pili buluu ya Tanganyika, na boti ikiuvuka unaweza kutia mkono huku na huku ukaona tofauti ya joto na ya tope. Wataalamu wa samaki hueleza kwamba mto huu ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe, na kwamba zamani ulitiririka moja kwa moja kuelekea Kongo kabla bonde la ufa halijapasuka katikati. Ndiyo maana hadi leo una samaki ambao jamaa zao wako katika mto Kongo, akiwemo bunju wa maji baridi, anayejivimbisha akishikwa. Nimeona watoto wa Ilagala wakimchokoza kwa kijiti wakicheka, ingawa kula hakuna anayemla.

Kwa shemeji anayependa historia, mwambie pia kwamba karibu na mlango huo ndipo Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mzaliwa wa Usinge alijibu:

Ninakubaliana na Baharia kuhusu Igamba, ila naona ameisifia sana sehemu ya chini kwa sababu ni ya kwao. Mtu anayetaka vijiziwa na mafunjo aje kwetu juu. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 32,500, yaani inaizidi Burundi nzima, na mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu. Maji ya mito ya Malagarasi, Moyowosi (ndiyo hiyo hiyo Muyovozi), Kigosi, Gombe (si ile hifadhi ya sokwe) na Ugalla yote huja kukutana humo, yakatulia, yakaacha tope lake kwenye mizizi ya mafunjo kabla ya kuendelea ziwani.

Njia nyepesi kwa familia ni Ziwa Sagara. Pandeni treni ya reli ya kati mshuke Usinge, mwende mwaloni, panapoegeshwa mitumbwi, mwombe mtumbwi wa pondo, unaosukumwa kwa mti mrefu, badala ya boti la injini. Injini hunasa kwenye majani, tena huwafukuza ndege kabla hamjawaona. Mpiga pondo mzoefu akikaribia kona ya mfereji hugonga ubavu wa mtumbwi mara mbili tatu na kusubiri. Kama kuna kiboko atainua kichwa na kupumua, nanyi mtajua mpite upande gani. Mkiona uwazi mpana katika matete, majani yamelala na kinyesi kimetapakaa pembeni, hiyo ni njia yake ya kwenda malishoni usiku, na hapo mtumbwi hauegeshwi. Mpiga pondo asiyegonga, mwambieni awarudishe.

Kuhusu korongo-nyangumi, msiweke ahadi. Husimama peke yake saa nzima bila kutikisika akimvizia kambale au kamongo, na kutoka mbali utadhani ni kisiki. Nzohe naye, swala mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame matopeni, huonekana alfajiri kuliko mchana. Wengi wao wako ndani ya Pori la Akiba Moyowosi, ambalo liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori nchini, na haliingiliki bila kibali, tena mwezi wa Julai msimu wa uwindaji wa kitalii huwa umeanza. Ulizeni ofisini kwao mapema, msisubiri kufika getini.

Mkazi wa Mwanga aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Sasa nimeelewa kwamba nichague, au niwape wageni siku ya mlangoni na siku nyingine za Sagara. Bado sijajibiwa kuhusu Julai na kuhusu shemeji.

Mama wa Ilagala alijibu:

Mwanangu, Julai maji yapo. Mvua huisha mwezi wa tano, lakini ardhioevu ile huachia maji taratibu, kwa hiyo mifereji bado inapitika na ndege wameanza kukusanyika panapokauka. Tatizo la Julai liko ziwani. Upepo wa kusini huvuma miezi hiyo, asubuhi ziwa limelala na mchana linachafuka, na boti linaloelekea Ilagala hulipokea wimbi usoni. Mwenye boti akikuambia mtaondoka saa nne kwa kuwa anasubiri mizigo, mwache aende na mizigo yake. Ondokeni kukipambazuka, na wakati wa kurudi njooni kwa gari kupitia Simbo. Hakuna aibu yoyote katika kupanda gari.

Shemeji avae jaketi okozi tangu ufukweni, alifunge mwenyewe kamba zote, wala asilikalie kama mto wa kiti, jambo ambalo abiria wetu hulipenda sana. Kwenye mtumbwi wa pondo akae chini kabisa katikati. Asitie miguu kwenye maji yaliyotuama kando ya matete, maana kichocho kipo. Huko juu kuna mbung'o pia, na malale si hadithi ya zamani katika maeneo hayo, hivyo avae mikono mirefu, nguo zisiwe za buluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta.

Jambo la mwisho: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Uliza kama na mwaka huu ndivyo, kwa sababu uvuvi ukifungwa mialo hupoa, boti za abiria hupungua, na migebuka uliyowaahidi wageni hutaipata.