"Nani kakufundisha kugusa seva?" Niulizwe MIMI?

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, kila ofisi inaye, anashika kibodi kama kateremshiwa kutoka mbinguni. Leo kanisimamisha mbele ya watu wote: "Nani kakufundisha kugusa seva?" Mimi! Niliyeandika clients.conf yote ya seva yetu ya RADIUS (ile inayokagua jina na paswedi kabla mtu hajaingia mtandaoni), yaani orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuiuliza, kifaa cha kwanza hadi cha mwisho!

Jana usiku kaingia kwenye faili la users, lenye majina ya watu na mipangilio yao, kamwongezea mtu mmoja mistari, kasahau koma mwisho wa mstari. Hakuiwasha upya seva. Ikaendelea na mipangilio ya zamani, watu wakaingia mtandaoni kama kawaida, naye kalala fofofo. Asubuhi naongeza ruta mpya, naiwasha upya, inanifia mkononi. Jengo zima kelele, hata panya walikosa intaneti. Bila ile koma, seva inaona habari za mtu yule zimeisha. Mstari unaofuata umeanza na nafasi, hauna jina la mtumiaji, basi inagoma kuwaka. Koma MOJA! Tena si yangu! Halafu "nani kakufundisha kugusa seva?" Mbele ya watu! Na bosi akacheka!

Waya Mrefu: Pole. Ila mkuu, uliizima bila kupitisha radiusd -XC kwanza, amri ya kukagua mipangilio? Ingekutajia mpaka namba ya mstari. Jamaa kauliza swali zuri.

Mwanzisha uzi: KOMA HAIKUWA YANGU. Soma uzi.

Kebo Fupi: Afadhali yako imegoma waziwazi. Mimi wa kwangu kanipa siri ya pamoja (neno la siri kati ya ruta na seva) iliyokosewa herufi moja. Paswedi zinafika kwenye seva zimevurugika, kila mtu Access-Reject, yaani kakataliwa, siku mbili naambiwa eti watumiaji hawajui kuchapa.

Mzee wa Logi: Nyie bado. Ruta ya zamani inatuma maombi kwenye port 1645, seva inasikiliza port 1812. Kimya kama kaburi, na lawama zangu.

Waya Mrefu: Kasheshe ni 1813, port ya hesabu za nani kaingia na nani katoka, mzee. Umeme ukikatika ruta haitumi Stop, ujumbe wa kusema mtu katoka, kwenye hesabu mtu anaonekana bado yumo. Kama umeweka Simultaneous-Use 1, yaani mtu asiingie mara mbili kwa wakati mmoja, akirudi anafungiwa nje.

Mwanzisha uzi: Mbele ya watu, jamani. Na bosi akacheka.

Kebo Fupi: Waya Mrefu, Interim-Update, ile ruta kuripoti kwamba mtu bado yumo, umeweka kila dakika ngapi?

Waya Mrefu: Kumi.

Mzee wa Logi: Kumi nyingi, weka tano.