MREJESHO: Hema la familia Bagamoyo, tukitokea Mwanza

Wakuu, asanteni. Niliuliza hema la watu sita litashikaje kwenye mchanga wa pwani. Jibu la mfuko wa salfeti (kiroba) ndilo lililofanya kazi. Vigingi vya kawaida hung'oka upepo ukikaza. Jaza salfeti mchanga nusu, funga kamba ya hema katikati yake, ulaze na kuuzika sentimita 40 hivi, kisha shindilia.

Sisi wa ziwani tumezoea maji yanayokaa palepale. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, hupanda zaidi. Piga hema juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji, tena mbali kidogo.

Magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, msikiti na makaburi ya nguzo, nendeni asubuhi. Zipu za hema zisuuzwe maji ya bomba, chumvi huzing'ang'aniza.