Tupeane uzoefu: majani ya kisasa, uwandani na bondeni

Mwanzisha mada, Chake
Assalaam alaykum wafugaji. Masika inakaribia na kila mtu anatafuta cha kupanda. Aliyekwishapanda atueleze, lakini ataje na ardhi yake, maana uwanda wa mawe wa Makunduchi na bonde la Pemba haviwezi kukubali jani moja.

Mie nina matete chotara, yale ya kuchanganya matete na uwele. Bondeni yamekubali mno. Hayatoi mbegu ya kuota, kwa hiyo nachomeka kipande chenye vifundo vitatu, viwili viwe ardhini. Nakata yakifika mita moja hivi. Yakikomaa, ng'ombe hula majani akaacha magongo horini.

Mfugaji wa Makunduchi
Huku udongo umo kwenye mashimo ya mawe tu. Humo nimetia Mulato II, jani chotara la malisho. Ukoka ukishakauka, yenyewe bado yana kijani, na mbuzi wanayapenda kwa kuwa ni majani matupu. Ila palizi ya mwanzo ni lazima.

Wa Wete
Mbegu yake nikivuna mwenyewe itafanana na mama?

Afisa mifugo mstaafu
Itafanana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Brachiaria, jamii ya majani iliyotoa Mulato II, asili yake ni Afrika hii yetu. Ilipelekwa Amerika Kusini, na watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha kitropiki kilichoko Colombia, wakazalisha Mulato II kutokana na spishi tatu. Kazi ilikuwa ngumu, kwani mbili kati ya hizo, brizantha na decumbens, mche wake hautokani na dume na jike. Kila mbegu ni nakala ya mama, huwezi kuchanganya. Mlango ulifunguka ilipopatikana ruziziensis iliyoongezwa kromosomu (vibeba urithi) maradufu, ambayo huzaa kwa dume na jike. Mulato II ikarithi tabia ya brizantha na decumbens, ndiyo maana mbegu yake haigeuki. Lakini mbegu zilizojaa ni chache, kwa hiyo bora ugawe mashina.

Mkaazi wa Donge
Kweli, gaweni mashina. Na ng'ombe msimfunge hapo kabla mizizi haijashika, anang'oa shina zima. Msimu wa kwanza mimi ni mundu tu.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Wa Micheweni mko kimya, na nyinyi mna mawe kama Makunduchi. Mwenye mashina ya Mulato II huko ajitokeze, nina vipande vya matete vya kubadilishana mvua ikishashika.