“Pole position”: kwa nini wa kwanza anaitwa hivyo?

Motari wa Himbi (Goma)
Jambo bandugu. Jumapili nafuata Formula 1, zile mbio za magari, kwa jirani. Mtangazaji anasema fulani ana “pole position”, kumbe ndiye anayeanza mbele ya wote. Mdogo wangu wa shule anauliza: pole si ya kwenda polepole? Jirani naye anasema ni pôle ya Kifaransa, ile Ncha ya Kaskazini. Mtoto anangoja jibu, na sitaki kumdanganya. Neno limetoka wapi?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Umefanya vizuri kuuliza kwanza, mdogo wangu. Si pole yetu, wala si pôle ya jirani, maana hiyo ni ya Kigiriki. Hii ya Kiingereza ni nguzo, mti uliosimikwa. Ni ndugu na palissade, uzio wa miti tunaojengea hapa kwetu: yote mawili shina lake ni palus ya Kilatini.

Nguzo yenyewe ni ya mbio za farasi. Karne ya 19, Marekani hasa, uzio wa ndani wa uwanja ulikuwa na nguzo za kuonyesha umbali. Farasi aliyepangwa ndani kabisa alisemwa ana nguzo. Faida yake wewe motari unaijua kuliko mimi. Zunguka rond-point Tchukudu ya kwenu Goma, ile yenye sanamu katikati, ukibana upande wa sanamu, mwenzako apite nje: mtamaliza mzunguko uleule, lakini yeye ametembea zaidi. Kwenye magari, jina limebaki ila maana imehama. Sasa ni nafasi ya mbele kabisa, hata isipokuwa upande wa ndani wa kona, na kwa kawaida anaipata aliyemaliza mzunguko mmoja kwa muda mfupi kuliko wote siku ya kutafuta nafasi.

Binti Katuba (Lubumbashi)
Mwalimu amesema kweli. Naongeza: dereva Lewis Hamilton amepata nafasi hiyo zaidi ya mara 100. Ila kuanza mbele si kushinda. Monaco, ambako barabara ni nyembamba na kumpita mtu ni kazi, dereva Charles Leclerc alipata nafasi hiyo mwaka 2021, tena ni kwao alikozaliwa. Gari likaharibika kabla ya mbio, hakuanza kabisa. Iliniuma sana.

Motari wa Himbi (Goma)
Asanteni sana. Nitamwanzia mtoto na palissade, hiyo anaiona kila siku. Yaya, na Leclerc alikuja kushinda kwao?

Binti Katuba (Lubumbashi)
Alishinda, 2024, na alianza mbele.