Marekani: kila tukiomba kivuko tunaletewa utafiti

Wakuu salaam. Leo natema nyongo, na mwenye kubisha aje na hoja.

Tunapoishi kuna barabara ya njia sita, tatu kwenda na tatu kurudi. Nyumba ziko upande mmoja, kituo cha basi upande wa pili, na kivuko cha karibu kiko mbali kiasi kwamba hakuna mama mwenye mtoto na mifuko ya sokoni atakayekifuata. Watu wanakatiza hapohapo, usiku na mchana. Tukaandikia kaunti kuomba kivuko chenye taa. Jibu: hiyo barabara ni ya jimbo. Tukaenda jimboni. Jibu: lazima kwanza ufanyike utafiti wa kihandisi.

Utafiti ukafanyika. Mrija mweusi ukalazwa juu ya lami kuhesabu magari, kijana akakaa ndani ya gari na kishikwambi kuhesabu waenda kwa miguu, kisha kimya kirefu. Mwisho tukaletewa barua ya adabu kabisa: eneo letu halijafikia vigezo, wanaovuka ni wachache mno.

Wachache! Mwenye gari havuki pale, mwenye akili zake anamwomba jirani lifti, mzee wa ghorofa ya chini ameacha kabisa kwenda kliniki kwa basi. Wanaobaki kwenye hesabu ni wale wasio na namna. Halafu mtu mzima anakaa ofisini na kuandika kwamba uhitaji haupo.

Nikaenda kuvisoma hivyo vigezo mwenyewe. Vimo kwenye mwongozo wa shirikisho wa alama na taa za barabarani, unaoitwa MUTCD, ambao majimbo yote yanaufuata au yanatunga wa kwao unaofanana nao. Katika toleo la 2009, lililotawala kwa miaka mingi, kigezo cha waenda kwa miguu kinataka watu wasiopungua 107 wavuke katika kila saa, kwa saa nne za siku, hata pale magari yanapokuwa mengi kupindukia. Kwenye barabara za kasi inayozidi maili 35 kwa saa idadi inashuka hadi 75. Ukikosa hapo, kuna kigezo cha ajali: tano au zaidi zilizoripotiwa ndani ya miezi 12, na ziwe za aina ambayo taa ingeweza kuizuia. Yaani mtaa una njia mbili kuu za kupata taa: mjae barabarani kama waandamanaji, au mgongwe mara tano kwa mwaka na kila mara polisi aandike ripoti. Aliyegongwa akajiburuza nyumbani kwa kuogopa bili ya gari la wagonjwa, huyo hahesabiwi.

Na kasi yenyewe inapangwaje? Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Wanapima mwendo wa magari yanapokimbia bila kizuizi, wanatafuta kasi ambayo asilimia 85 ya madereva hawaizidi, kisha kibao kinawekwa karibu na hapo. Madereva wakizoea kukimbiza, utafiti mpya unapandisha kikomo. Mvunja sheria ndiye mtunga sheria! Bodi ya shirikisho inayochunguza ajali, NTSB, iliukosoa utaratibu huu tangu 2017. Toleo jipya la mwongozo, la Desemba 2023, ndilo lililolegeza kamba kidogo na kutaka mambo mengine nayo yatazamwe, kama waenda kwa miguu na mazingira ya barabara. Kuna wahandisi wamesoma shule ya zamani, na hao hawabadiliki kwa waraka.

Kwa watakaokuja kusema mimi napinga sayansi: hapana. Kinachoniuma ni kwamba majibu yapo zamani. Mamlaka ya shirikisho ya barabara kuu, FHWA, ina orodha ya hatua zilizothibitishwa kupunguza ajali, na iko wazi kwa yeyote. Kisiwa cha katikati cha kupumzikia anayevuka: ajali za waenda kwa miguu hupungua kwa takriban asilimia 56. Ile taa inayobaki giza mpaka mtu abonyeze kitufe: asilimia 55. Kupunguza njia nne kuwa tatu, ya katikati ikiwa ya kukatia kona: ajali zote hupungua kati ya asilimia 19 na 47. Kung'oa taa za njiapanda na kuweka kipilefti: ajali za vifo na majeruhi hupungua kwa asilimia 78. Carmel, Indiana, wamejenga vipilefti zaidi ya 140, na huo ni mji wa kawaida tu wa Marekani ya kati, watu na magari yao makubwa. Hoboken, New Jersey, walikaa zaidi ya miaka saba tangu Januari 2017 bila kifo hata kimoja cha barabarani, kwa mambo madogomadogo kama kuzuia magari kuegeshwa kwenye kona ili dereva na anayevuka waonane.

Sasa niambieni, mshauri mwelekezi aliyefanya utafiti wa mtaa wetu alikuja kugundua nini?

Nchi nzima, waenda kwa miguu waliouawa na magari mwaka 2009 walikuwa kama 4,100. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Wengi wao hufa gizani, kwenye barabara pana za kasi zenye maduka na vituo vya basi, yaani zile zile kama ya kwetu. Utafiti wa kutuambia hilo umeshafanywa mpaka umechakaa.

Tuje kwenye hela, maana kila mkutano wa hadhara tunaimbiwa "bajeti". Sheria ya shirikisho inatenga asilimia 2 ya sehemu kubwa ya fedha za barabara za kila jimbo kwa ajili ya mipango na utafiti, na angalau robo ya hiyo lazima iwe utafiti. Kwa hiyo fungu la kutafiti lina ulinzi wa kisheria mwaka hadi mwaka, wakati kivuko chetu kinagombea makombo na viraka vya mashimo. Kodi ya petroli ya shirikisho ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, haijaguswa. Mfuko wa barabara kuu ulioanzishwa 1956 ulikuwa ujitegemee kwa kodi hiyo. Tangu 2008 Bunge limekuwa likiuchotea kutoka hazina kuu, jumla zaidi ya dola bilioni 270. Kuhusu mbadala wa kodi hiyo ya petroli nako ni utafiti juu ya utafiti. Oregon, jimbo la kwanza kutoza kodi ya petroli mwaka 1919, liliunda kikosi kazi cha kutafuta njia nyingine mwaka 2001, likafanya majaribio ya kutoza kwa kila maili inayoendeshwa mwaka 2006, na mpango wenyewe ulipoanza 2015 ulikuwa wa hiari. Wengi wa wenzao kwingine wanaendelea na "majaribio".

Barabara nyingi za nchi hii, karibu robo tatu ya maili zote, ni mali ya kaunti, miji na vitongoji, na nyingi ya serikali hizo ndogo hazina hata mhandisi mmoja wa usalama. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilipotenga dola bilioni 5 za usalama barabarani kwa miaka mitano ziende moja kwa moja kwa serikali za mitaa, nilifurahi kweli. Duru ya kwanza ikatoa ruzuku 510. Kati ya hizo, 473 zilikuwa za kuandika mipango, 37 za kujenga. Nakiri kwamba kwa dola ujenzi ulichukua fungu kubwa zaidi, lakini wapokeaji 473 wakabaki na kitabu chenye picha za watoto wakiendesha baiskeli.

Na msinidanganye kwamba ripoti ikishaandikwa vitendo vitafuata. Daraja la Fern Hollow pale Pittsburgh lilikaguliwa miaka nenda rudi. Wakaguzi waliandika: mifereji imeziba, maji yanatuama, miguu ya chuma inaliwa na kutu, rekebisheni. Ripoti ikafuata ripoti, pendekezo likarudiwa lilelile. Alfajiri ya Januari 28, 2022 likaporomoka na basi juu yake. Kwa kudra hakuna aliyekufa. Siku hiyohiyo Rais Biden alikuwa na ratiba ya kwenda Pittsburgh kuzungumzia, eti, miundombinu. NTSB ilipomaliza uchunguzi ikasema wazi kwamba jiji lilishindwa kuyatekeleza mapendekezo yaliyokuwa mezani kwake. Daraja jipya lilifunguliwa Desemba ya mwaka huohuo. Kumbe wakitaka wanaweza.

Kilichonichefua zaidi ni majimbo kuandika rasmi shabaha za usalama zenye vifo vingi kuliko mwaka uliotangulia. Mtu anapanga lengo, lengo lenyewe ni maiti zaidi, anapiga mhuri. Ilibidi sheria ya 2021 iseme kwamba shabaha za mipango ya usalama zisizidi kuwa mbaya.

Mkutano ujao wa kaunti na jimbo nitasimama na maombi matatu. Waweke kisiwa cha katikati na vibao vya muda kwa nguzo za plastiki sasa hivi, halafu wapime wakiwa wameshaweka. Watutajie gharama ya utafiti uliotunyima kivuko, tuilinganishe na gharama ya kivuko chenyewe. Na kila pendekezo litakaloandikwa liwe na jina la ofisi inayolitekeleza na tarehe.

Walioko Minnesota, Ohio, Texas na kwingineko: kuna mtaa wowote uliofanikiwa kupata kivuko bila mtu kufa kwanza? Mlimbana nani, na mlitumia kifungu gani? Wekeni hapa, nataka kuingia na nakala mkononi.