Mashindano ya ndani ya NASL 1975: kanuni na mbinu zilikuwaje?

mtambaapanya:
Wakuu, habari zenu. San Jose Earthquakes wanatajwa kuwa mabingwa wa mashindano ya soka ya ndani ya NASL (ligi ya soka ya Amerika Kaskazini) mwaka 1975, kabla ya msimu wa nje kuanza. Futsal (soka ya ndani ya watu 5 kwa 5) naijua, ila picha zinaonyesha uwanja wa hoki ya barafu, mpira unagonga ukuta na watu wanaendelea kucheza. Naomba kueleweshwa kanuni, na timu zilizozoea watu 11 zilijipangaje.

Beki3:
Mkuu, ile siyo futsal. Chimbuko ni ziara ya timu ya Jeshi Jekundu la Moscow (CSKA), Februari 1974: waliifunga Philadelphia Atoms 6-3 ndani ya ukumbi wa Spectrum, na watu zaidi ya 11,000 walijaa. Mwaka uliofuata NASL ikaingiza timu 16 katika kanda 4, na kila kanda ikatoa mshindi mmoja. Wanne hao wakamalizana kwenye ukumbi wa Cow Palace, jirani na San Francisco. Fainali San Jose 8, Tampa Bay Rowdies 5. Mwaka 1976 Tampa walilibeba kombe nyumbani kwao Florida. Pelé hayumo humo, alisaini New York Cosmos baadaye, Juni 1975.

Uwanja wa hoki ni kama mita 61 kwa 26. Unatandikwa zulia la nyasi bandia, wanaingia wachezaji 5 na kipa. Goli lilikuwa pana na fupi, futi 16 kwa 4, kwa hiyo mashuti ya juu hayana faida.

winga_wa_kale:
Beki3 kamaliza historia, naongeza mbinu. Kinachowaponza mabeki waliotoka soka ya nje ni mazoea ya kubutua mpira utoke. Hapa hautoki! Unagonga ukuta na kumrudia adui, tena wewe umeshageuka. Beki apunguze kasi ya mpira kwanza, au aupitishe ukutani makusudi.

Pasi ya ukuta ina hesabu yake. Kama wewe na mwenzako mko umbali sawa kutoka ukutani, lenga katikati yenu. Akiwa karibu zaidi na ukuta, sogeza shabaha upande wake. Piga kwa upande wa ndani wa mguu bila kuuzungusha, maana mpira unaozunguka hubadilisha pembe ukigonga.

Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo na mchezo hausimamishwi. Mtu akimbie kwa nguvu dakika moja au mbili, atoke. Kosa kubwa ni kutoka wakati wenzako hawana mpira: anayeingia bado yuko mlangoni, huku mnashambuliwa mkiwa pungufu.

mtambaapanya:
Shukrani sana. Na kipa?

Beki3:
Kipa ndiye mwenye kazi. Shuti likikosa goli hugonga ukuta wa nyuma na kurudi mbele ya lango, yeye akiwa bado chini. Ndiyo maana mshambuliaji mmoja lazima abaki pale pale akisubiri marudio, na beki mmoja amkabe yeye, asiukodolee macho mpira. Kipa avae suruali ndefu na mikono mirefu, zulia linachuna ngozi vibaya. Viatu viwe vya soli bapa. Meno marefu yananasa na goti ndilo linaloumia.

MISL, ligi ya soka ya ndani ya Marekani, ilipoanza mwaka 1978 ilizuia mpira kuvuka hewani mistari mitatu inayokatiza uwanja bila kuguswa, la sivyo kipa angerusha tu hadi langoni kwa wapinzani.