Naomba ushauri: leseni ya uthamini wa majengo Marekani

Wakuu, habari zenu. Nina shahada ya uthamini kutoka Chuo Kikuu Ardhi, sasa naishi Texas. Masomo ya saa 75 ya mthamini mwanafunzi nimemaliza. Kinachonikwamisha ni msimamizi: wathamini wengi hawataki kubeba mwanafunzi, na siwalaumu, maana wanasaini ripoti pamoja naye na kuwajibika kwazo.

Leseni ya kwanza ya nyumba za makazi inadai saa 1,000 za kazi chini ya msimamizi huyo, lakini ukiwa nayo huruhusiwi kuthamini nyumba za mikopo ya FHA (mikopo ya nyumba yenye bima ya serikali ya Marekani). Ngazi inayofuata ni saa 1,500. Ya majengo yote, hata ya biashara, ni 3,000.

Nina familia inayonitegemea. Nianze na leseni ya kwanza au nivumilie hadi 1,500? Aliyepitia PAREA (mafunzo ya vitendo kwa kompyuta) badala ya msimamizi, waajiri walimpokeaje?